Mlango wa Pakia

Siku ya nne tangu ufungwe ukutani, mlango ulianza kutoa jasho. Ukuta wenyewe mkavu, mlango unachuruzika.

Ulikuwa mlango wa nyuma wa ambulensi. Dereva wake waliyemwita Pakia, maana hakuwahi kumwacha mgonjwa hata gari likijaa, alikwenda ng'ambo kwa hiari yake kuokoa majeruhi katika vita vya watu wengine. Bomu likamkuta njiani. Hakikurudi kitu ila mlango ule, na wenzake wakaufunga kwenye gereji ya ambulensi, jina lake juu. Kila adhuhuri mama yake alikuja kukaa mbele ya mlango huo. Kaburi hana, hilo ndilo kaburi.

Kosa lilikuwa la fundi wa gereji. Madereva wa ambulensi hawaondoki mpaka wasikie makofi mawili mlangoni: mgonjwa yumo, nenda. Siku ya uzinduzi, fundi alipomaliza kuufuta, mkono wa mazoea ukaupiga makofi mawili. "Haya Pakia, chapa mwendo!" Watu wakacheka. Laiti wangejua!

Baada ya jasho ikaja harufu ya dawa ya vidonda na nywele zilizoungua, na adhuhuri moja, mama akiwa amekaa palepale, kitu kikaanza kukwaruza kwa kucha kutoka ndani ya mlango, upande ambao hapakuwa na kitu ila ukuta wa mawe.

"Mwanangu," alinong'ona, "ni wewe?"

"Mama, toka hapo," fundi alisema huku akimvuta mkono. "Toka, nakuomba."

Mganga aliyeitwa aliweka sikio, akaruka nyuma. "Si mwanao, mama. Ni jini lililompanda majeruhi mmoja. Mtu kafa njiani, lenyewe bado linangoja kufikishwa, na nyie mmeliambia safari imeanza! Uchomeni mlango, au lifikisheni hospitali."

"Mlango wa mwanangu uchomwe?" Mama alilia kwa hasira. "Basi nichomeni nami!"

Wakaufungua kutoka ukutani, wakaulaza kwenye machela ndani ya ambulensi. Fundi akaendesha, mama kando yake, na kila walipopita shimo kitu kiliguna huko nyuma, harufu ikazidi, vioo vikaingia ukungu, hadi fundi akawa anaendesha huku analia kama mtoto wala haoni aibu.

Kwenye lango la wagonjwa wa dharura, mama alifungua nyuma ya gari. "Shuka. Umefika."

Upepo wa moto ukampita. Milango ya hospitali ikafunguka yenyewe, ikajifunga.

"Tumepona," fundi alisema. "Twende, mama."

Ndani ya gari kitu kikaguna tena. Kisha kingine. Kisha sauti nyingi pamoja.

"Mama! Si jini limeshuka?"

"Wewe ulidhani Pakia angebeba mmoja?" Akaweka mkono juu ya mlango wa mwanawe. "Shuka, baba. Umefika. Nawe, shuka."

Jua likazama bado wanashuka.

"Mama, watakwisha lini hawa?"

"Watakwisha," alisema. "Dereva hushuka wa mwisho. Namngoja yeye."