Mafuta ya Mkunde

Kila baada ya sekunde tatu, tone la njano liliwaka kwenye ukuta-skrini wa maabara. Lilikuwa tone la mafuta likivuka kondo la nyuma, kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto, na hakuna jicho la binadamu lililowahi kuliona kabla Daktari Aikaruwa hajabuni mkanda-kondo. Mjamzito aliuvaa chini ya gauni. Ndani yake mlikuwa na viroboti elfu tisa, vidogo kuliko chembe ya damu, vilivyozunguka mwilini vikiuliza kijusi kinataka nini, kisha vikaiamuru damu ikipelekee. Katika jiji la Moshi la mwaka 2094, watu walishaanza kusema kwamba enzi ya mtoto kuzaliwa na kilo moja unusu imepita.

Wa kwanza kuuvaa alikuwa Mkunde, msaidizi wa maabara, mwenye mimba ya wiki thelathini. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Aikaruwa alikuwa na miaka arobaini na sita na mimba nne zilizoharibika. Mkunde yeye alishika mimba mwezi wa pili baada ya harusi, kama mtu aliyetumwa dukani kununua chumvi. Tusimsitiri Daktari: alikuwa na wivu, tena wivu mkali, na ulimpanda kila asubuhi mlango wa maabara ulipofunguka na tumbo lile kutangulia kuingia.

Basi alipoona vipimo haviendi sawa, alifurahi. Chakula chote cha Mkunde kilipimwa na kuliwa palepale maabara, lakini mtoto alipokea mafuta mengi kuliko yaliyokuwemo.

"Mama mkwe wako anakulisha nyumbani," Aikaruwa alimwambia. "Mtori wenye samli, na sijui nini kingine."

"Dada Aika, silishwi kitu. Naapa."

"Usiape. Mkanda hausemi uongo."

Akampunguzia chakula cha maabara, kufidia alichodhani kinaliwa kwa siri. Wiki tatu zikapita hivyo. Mafuta ya mtoto hayakupungua hata chembe, na tumbo likazidi kupendeza. Mwishowe, ili kumaliza ubishi, akamwita mama mkwe mwenyewe, Bibi Anansia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, unampa Mkunde mafuta gani?"

Bibi alishangaa. "Mimi? Nimfungulie chungu cha samli kabla hajajifungua? Kwetu mafuta ni ya mzazi aliyekwisha kujifungua! Mjamzito ukimnenepesha, mtoto anamshinda kumtoa. Mbona kila mwanamke aliyelishwa uzazi analijua hilo…" Akajishika mdomo. "Nisamehe, mwanangu."

Ni kweli, hakuna aliyewahi kumlisha Aikaruwa uzazi, maana hakuwahi kujifungua. Maneno yale yalimchoma, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo baya zaidi: kama mafuta hayakutoka chunguni, yalitoka wapi?

Akaugeukia ukuta na kuuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza nalo. Jibu likaja palepale. Yalitoka chini ya ngozi ya Mkunde, na yalipokwisha huko, yakatoka kwenye uboho wa mifupa yake, na sasa yalianza kubanduliwa kwenye ala za mishipa yake ya fahamu. Viroboti viliamriwa kumshibisha mtoto. Hakuna aliyeviambia vimbakizie mama. Na kila chakula kilipopunguzwa, vilichimba zaidi.

"Mkunde, njoo ukae."

Mkunde alikuja akishikilia meza moja baada ya nyingine. Mabega yalikuwa mifupa mitupu. Pete ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi isianguke. Aikaruwa akapiga magoti, akaufungua mkanda kwa mikono yake, na ukuta ukazimika.

"Mtoto?" Mkunde aliuliza.

"Atazaliwa mdogo, lakini ataishi. Wewe ndiye uliyekuwa unakwisha."

"Nilikwambia miguu imekufa ganzi. Nilikwambia mara mbili."

"Nilidhani unadeka."

Bibi Anansia alikuwa ameshamkumbatia mkwewe, akiyapapasa mabega yale kana kwamba anatafuta mtu aliyekuwemo. Mkunde alimtazama Daktari juu ya mkono wa bibi.

"Wiki tatu, Dada. Kila siku umesimama hapa unanitazama. Ulikuwa unatazama nini?"

"Tumbo," Aikaruwa akasema.