Mkono Uliorudi Mtupu Siniani

“Kwani wewe Bi Kibibi ndiye uliyeiunda Pimamlo?” Saumu alifoka mlangoni, kajishika kiuno. “Taa ya mwanangu ni ya kijani tangu Mfungo Mosi. Kijani!”

“Mashine yako ina macho, haijakaa siniani,” jirani akamjibu. “Mimi Ijumaa nilikaa. Mkono wa Zamda unakwenda kwenye pilau, unarudi mtupu. Nyama anawasukumia wadogo zake, nanyi mnamsifu, mtoto ana adabu!”

Mlango wa tatu ukafunguka, na wa nne. Katika ghorofa ya sitini ya Mnara wa Chumbageni, ugomvi haukosi wasikilizaji.

Pimamlo ilikuwa jicho la kioo, dogo kama kifuniko cha chupa, lililobandikwa juu ya kila meza jijini Tanga. Ilipima chakula kilichoandaliwa na kilichobaki, ikampima na mlaji uzito, kisha ikampanga kundini: anayejinyima, anayefakamia, anayejitapisha, au mzima, ambaye taa yake huwaka kijani. Saumu aliiamini kuliko mama mkwe wake.

Hata hivyo, neno la jirani lilimkwama kama mwiba wa samaki. Adhuhuri ileile akampeleka Zamda kwa Daktari Shekiondo.

Daktari alizipitia kumbukumbu za mashine, akaguna. “Imeona sinia moja, watu sita, ikagawa sawasawa kwa sita. Haijui nani kala cha nani.”

“Lakini hajakonda, daktari! Kapungua kidogo tu, na mtaa mzima unamwambia kapendeza.”

“Hilo ndilo kosa la pili. Walioiunda waliiwekea mstari wa kilo. Asiyeshuka chini yake haitwi mgonjwa. Mwenye mwili naye hujinyima mpaka moyo ukachoka.” Akamgeukia msichana. “Zamda, ukila, unajiambiaje?”

Zamda alivikodolea macho vidole vyake. “Kwamba nimeharibu. Miezi saba nahesabu matonge hata ndotoni. Nikadhani, maadamu taa ni ya kijani, basi ni ukaidi wangu tu.”

“Si ukaidi, mwanangu. Ni ugonjwa, una jina, na mmewahi. Tutautibu.”

Zamda akalia, mabega yakamshuka kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

Waliporudi, Saumu alipanda kiti akaifunika Pimamlo kwa kitambaa, akapakua kila mtu sahani yake, kama daktari alivyoagiza. Zamda akavuka ukumbi kupiga hodi. Bi Kibibi alifungua kabla ya hodi ya pili. Sikio lilikuwa mlangoni.

“Bi Kibibi, daktari kasema nisikae peke yangu na sahani. Njoo tule. Ila usinihesabie matonge.”

“Yako ya nini? Yangu yenyewe yananishinda kuhesabu!”

Kutoka mlangoni mwake, nyuma ya binti yake, Saumu alikohoa kidogo. “Umbea wako leo umenirudishia mwanangu, shoga. Ingia, wali unapoa.”