Boksi Linalomeza Sauti

Boksi lilikuwa la moto, na Lekishon alikuwa hajagusa hata uzi mmoja wa gitaa.

Akaliwekea kiganja tena. Moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Chumba kilinuka ugoro, na humo ndani hakuna mtu anayetumia ugoro. "Ni mashine tu," akajiambia, akafurahi kwamba angalau nyumba imetulia. Nanyori, binti yake mchanga, siku hizi alikuwa halii kabisa. Majirani hapo Olasiti walimsifu: mtoto mpole huyo!

Amplifaya aliinunua kwa mjane wa mzee Gerson, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi za hotelini, ugoro haumwishi puani. Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama za redio za zamani. Wati tano tu! Sasa wewe sikia wati tano ukadhani ni mlio wa mbu. Thubutu! Kitu kile hakitoi utamu mpaka ukifungulie sana, na ukikifungulia, mabati yanatikisika. Na mkewe Joyce alikuwa bado yuko kwenye uzazi, mama yake amekuja kumlea. Lekishon alikuwa Mwarusha aliyelelewa akalelewa: hakai chumba kimoja na mama mkwe, haongei naye ana kwa ana. Salamu zenyewe zilipitia kwa Joyce. Sasa amtikise na gitaa? Aibu ingemuua.

Ndiyo maana alikwenda Levolosi kwa fundi Efraimu, kutafuta boksi la kuweka kati ya amplifaya na spika, ili mashine ipige kwa nguvu zake zote lakini sauti itoke ndogo. Efraimu akamwekea mawili mezani.

"Hili dogo linapunguza tu. Hili kubwa unazungusha mpaka sauti inaisha kabisa, unasikiliza mwenyewe kwa hedifoni. Sauti yote inabaki humu, inageuka joto. Chukua dogo."

"Kwa nini?"

Fundi akaangalia mlangoni kwanza. "Gerson alikufa anapiga, bwana. Walimzimia umeme ukumbini, akaanguka palepale na hasira zake. Kitu cha mtu yule mimi nisingekiziba mdomo."

Lekishon akacheka. "Gerson yuko makaburini. Mkwe wangu yuko sebuleni." Akabeba kubwa.

Basi Jumamosi hiyo, jua likiwaka nje, kiganja kikiwa bado kinamchoma, akamsikia Joyce akimwita kwa sauti ya chini.

"Baba Nanyori. Njoo uone."

Mama mkwe alikuwa ameenda jiko la nyuma kukoroga uji. Joyce alikuwa peke yake kwenye kochi, mtoto mapajani.

"Analia," akanong'ona. "Mwangalie. Si analia?"

Nanyori alikuwa amefumbua mdomo wote, ulimi unatetemeka, uso umeiva, machozi yanamchirizika mpaka shingoni, na kifua kinapanda na kushuka kwa kilio cha mtoto aliyelia akachoka akaanza tena, lakini hakukuwa na sauti, hata mkwaruzo, na Lekishon akaelewa kwamba siku zote zile walizomsifu kwa upole, mtoto wake alikuwa analia.

Akakimbilia chumbani. Meza ilikuwa inafuka moshi chini ya boksi. Akazungusha kitufe chake kuachia sauti, na kwenye spika kikatoka kilio cha Nanyori, chenyewe kabisa, na nyuma yake kikohozi cha mzee anayesafisha koo kabla ya kuanza wimbo.

"Yesu wangu!" Akazima. Kilio kikakatika.

"Anazidi!" Joyce akapiga kelele. "Hapumui vizuri, anazidi!"

Akaling'oa lile boksi huku vidole vinaungua, akaunganisha spika moja kwa moja, akawasha, akangoja zile taa zishike moto, akafungulia mpaka mwisho, akakamata gitaa na kulipiga bila kujua anapiga nini.

Mabati yakalia. Na sebuleni Nanyori akalia, safari hii kwa koo lake mwenyewe.

Joyce alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Lekishon akashusha mkono ajifute jasho. Kupitia mlangoni akamwona mtoto amenyamaza, mdomo bado wazi, machozi yanamchirizika. Akapiga, mtoto akalia. Akaacha, kimya.

Ugoro ukanuka karibu sana, kama mtu kamwinamia begani.

Mlango ukasukumwa wazi wote. Mama mkwe akaingia, akavuka mpaka ndani ya chumba cha mkwe wake, mjukuu mikononi, akaketi kwenye kitanda chao na kumtazama usoni.

"Piga, mwanangu," akasema. "Nakuomba, usiache."

Lekishon akapiga. Majirani wakaanza kugonga geti, wakatukana, wakagonga tena. Uzi wa kwanza ulikatika jua likiwa bado halijazama.