Sura Iliyobaki Kwenye Kopo

Asubuhi hiyo kopo la mabaki lilikuwa jepesi. Fundi njumu, mpachikaji wa nakshi za mbao, alilitikisa, akasingizia panya. Lakini panya gani anayekula mbao halafu akafunga kifuniko?

Alikuwa akitengeneza sanduku la harusi la bintiye wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheko kwa kucheka kwake ovyo. Juu ya kifuniko cha sanduku alitaka kupachika sura ya binti huyo. Alibandika pamoja mbao mbili nyembamba kama karatasi, nyeupe na nyeusi, akazikata kwa mpigo mmoja kwa msumeno wa mashine wenye wembe kama uzi, ili vipande viingiane bila mwanya. Kukata hivyo huzaa sura mbili: nyeupe unayoitaka na nyeusi usiyoitaka. Mafundi wenzake huichoma ile ya pili siku hiyohiyo. Yeye, kwa ubahili wake, jana yake aliitia kwenye kopo hilo.

"Akiba haiozi," alisema.

Kweli, haikuoza. Mchana alikuta kidevu cheusi kimepangwa juu ya meza, vipande vinne, vimebanana bila gundi. Karakana ilinuka udi, na hapakuwa na udi.

"Baba," Cheko alimwambia jioni, "kidevu changu kimekufa ganzi."

"Umelalia mkono, mama."

Cheko akachukua sindano, akajichoma kidevuni. Hakushtuka.

Kesho yake mdomo ulikuwa umepangwa, na Cheko hakuweza kusema wala kucheka. Fundi aliingiwa na hofu ya kweli, akasimama mlangoni mwa karakana akiisikiliza mashine ikinguruma ilhali waya wake ulining'inia nje ya soketi, wembe ukipanda na kushuka bila ubao, na ile harufu ikimjia puani kana kwamba mtu anampumulia, huku kope nyeusi, moja baada ya nyingine, zikitambaa mezani kutafuta mahali pa jicho.

Alimkimbilia dada yake, aliyejua kusema na majini. Dada alimfuata karakana, akamkuta ameshawasha kiberiti.

"Zima!" alinong'ona. "Jini ameshachukua mdomo wa mtoto. Ukichoma vipande hivyo unachoma uso wa nani?"

"Nifanyeje, dada?"

"Anataka sura, basi. Mpe nyingine, atamwachia."

"Sura ya nani?"

Dada alimtazama tu usoni, machozi yakimtoka.

Fundi akaleta kioo. Alichora uso wake, mikunjo yote, akabandika nyeupe na nyeusi, akakata. Wembe haukutoka nje ya mstari hata mara moja. Nyeusi akaitia kwenye kopo, akafunga karakana kwa kufuli.

Alfajiri Cheko alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Baba yake alilia kwa furaha, bila sauti.

Siku ya harusi alikaa kando ya bintiye, mdomo umefumbwa, umekufa ganzi. Wageni wakasema mzee kazidiwa na furaha. Dada yake peke yake ndiye aliyekuwa akitazama ile kufuli ya karakana.

Ndipo sauti ya fundi, nzito na ya upole, ikaita kutoka karakana:

"Cheko, mwanangu! Njoo nikuone."

"Abee, baba!" Cheko akaitika, akainuka, kabla hajakumbuka ni mkono wa nani, hapo kando yake, ulioukamata wake, ukimvuta chini kwa nguvu zote.