Kiko Kisichotiwa Tumbaku

Tundu la moshi alilikuta limeshatobolewa. Fundi cherehani alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchimba kichwa cha kiko, pale panapotiwa tumbaku, na alikuwa akishika keekee atoboe shina ili matundu mawili yakutane. Kazi hiyo ilikuwa imemnyima raha, maana mkono ukiyumba kidogo tu, kiko kinageuka kuni. Akapuliza vumbi kichwani, na upepo ukatokea kwenye ncha ya shina.

Mtu mwenye akili zake angekitupa. Yeye alifurahi. Kilikuwa kiko chake cha kwanza, na mwanafunzi akikuta kazi imejifanya yenyewe haulizi imefanywa na nani.

Sigara aliziacha tangu kifua kilipomlaza hospitali, na mkewe akamwapisha hatavuta tena. Lakini mikono iliyozoea sindano haikujua kukaa bure. "Pambo tu, mama," alimwambia. Mti alipewa na shemeji yake seremala, kaka wa mkewe: kipande cha mzizi aliong'oa nyuma ya nyumba isiyokaliwa.

Alikipiga msasa kikang'aa, kisha akakivuta kitupu, kama wachongaji wafanyavyo, kusikia kama hewa inapita. Hewa ikapita. Ilikuwa ya moto, yenye unyevu, kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno.

Akakiweka juu ya kabati.

Kulipokucha nyumba nzima ilinuka tumbaku.

"Umeanza tena?" mkewe akauliza.

"Wallahi sijavuta."

"Basi nani? Mimi?"

Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Puani mwa yule mwanamke, ambaye hajawahi kushika sigara maishani mwake, ukatoka moshi mwembamba wa buluu.

Fundi akageukia kabati. Ndani ya kiko kitupu kitu kilikuwa chekundu kama kaa. Kikakolea, na mkewe akakosa pumzi. Kikafifia, naye akapumua. Fundi aliogopa, kwa sababu alielewa: kuna aliyekuwa akivuta, na alichokuwa akivuta ni mkewe.

Seremala alifika mbio, akaongea kwa kunong'ona. "Shemeji, ule mzizi ulikuwa na joto. Nikadhani ni jua."

"Na ukanipa mimi?"

"Tukichome. Sasa hivi."

Wakakitumbukiza kwenye jiko la mkaa, na hapo ndipo walipokosea, maana kiko ukikitia moto umekiwasha, na aliyekuwa akivuta kidogo kidogo sasa akavuta kwa pupa, kaa zote zikakolea kwa pamoja bila mtu kupepea, na chumbani mwanamke akaanguka chini, mdomo wazi, moshi ukimtoka puani na mdomoni mpaka uso hauonekani, na fundi akatia mkono motoni, akakitoa kiko, akaweka mdomo kwenye shina na kupuliza kwa nguvu zote za kifua chake kibovu, akapuliza, akapuliza, hadi ndani ya mti kitu kikakohoa.

Mkewe akavuta pumzi.

Fundi akakiondoa mdomoni apumzike. Kiko kikawa chekundu. Seremala akakinyakua akapuliza yeye, hakikutii. Kilimjua yule aliyekivuta mwanzo. Fundi akakirudisha mdomoni.

Hajakitoa tangu hapo. Huvuta hewa kwa pua na kuitolea kikoni, hata usingizini, kimefungwa kwa kitambaa shavuni. Majirani humtania kwamba mzee kapata kiko, tumbaku imemshinda. Yeye hutikisa kichwa tu, kwa kuwa hawezi kujibu. Anampenda mkewe, na anaogopa sana.

Jana mchana akiwa kwenye kiti chake, kifua kilimkereketa. Akajizuia hadi machozi yakamtoka. Chumba cha pili mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akaacha kukunja.

"Mume wangu," akaita kwa sauti ndogo, "tafadhali usikohoe."