Mahindi Yanastawi Fisuri

Jioni ile nilitoka kufuata rimu mbili za karatasi dukani kwa Raudha, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Jua lilikuwa limeshazama, vumbi limebaki hewani, na madereva walikuwa wanasonga ugali chini ya matela yao. Raudha alinipa karatasi, akanitazama kwa ile huruma yake ninayoichukia.

"Dada Roda, si ufunge mapema leo uje tule? Nimepika ndizi."

"Nina kazi," nikamwambia.

Uongo mtupu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na kundi.

Nina steshenari hapa Tunduma. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Sina mume wala mtoto, na mdogo wangu wa pekee yuko kaburini. Jioni nikishafunga mlango huwa nabaki humo humo dukani na simu yangu, kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Mtu au Mashine. Tuko sitini na kitu, hatujuani sura. Mmoja anaweka maandishi, wengine tunabishana: ni ya mtu, au ni ya akili mnemba? Kisha tunapiga kura. Admini wetu, Nathanaeli, fundi kompyuta wa Vwawa, aliweka sheria moja kali. Mwanachama ambaye maandishi yake yanakosa hata kura moja ya "mtu" anaondolewa.

Mimi sikuwahi kukosea. Siringi. Au basi, naringa kidogo. Miaka kumi na miwili ya kuchapa barua za watu imenifundisha. Mtu akiandika kuomba likizo, atachomeka humo habari za ng'ombe wa shemeji yake. Mashine haina shemeji. Hupanga mambo matatu matatu na kumtakia kila mtu heri. Na haikosei kwa namna ya kwao, kwa sababu haina kwao.

Hilo la mwisho nilikuwa nawaimbia kila siku. Sisi Wandali wa Ileje, wengi wetu v hututoka f, na z hututoka s. Mimi nilijirekebisha chuoni. Mdogo wangu Gwantwa, niliyekuwa nachapa naye hapa dukani, hakujirekebisha kamwe. Alichapa kama alivyosema: sawadi, kufunja, fisuri. Nilikuwa nasahihisha kila barua yake kabla mteja hajaiona, huku nikimsema. Siku moja barua ikapita na "fisuri" mbili. Mteja akaisoma kwa sauti, watu wakacheka, nami nikamwambia Gwantwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Akaondoka kwenda Galula kupikia wachimbaji. Miezi minne baadaye nikapigiwa simu kwamba ameugua siku mbili, amefariki. Nilipofika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, walishamzika. Nilionyeshwa tuta. Uso wake sikuuona.

Basi jioni hiyo niliweka rimu chini, nikawasha taa, nikafungua kundi. Kulikuwa na mwanachama mpya. Hana picha. Jina lake: Shamba. Alikuwa ameandika hivi:

"Kilimo ni nguzo ya maisha yetu. Hutupatia chakula, hutufundisha subira, na hutuunganisha kama jamii. Hapa kwetu tunalima kwa pamoja, kwa bidii na kwa utulivu, na mahindi yanastawi fisuri."

Kura zilikuwa zinamiminika. Mashine. Mashine. Mashine. Mmoja kaweka vicheko. Kidole changu nacho kilikuwa njiani.

Nikasoma tena neno la mwisho.

Fisuri.

"Ngojeni," nikaandika. "Hilo neno si la mashine."

Nathanaeli akajibu hapo hapo: "Dada Roda, siku hizi mashine inalishwa maandishi yetu sote. Imejifunza na makosa yetu."

"Angekuwa anaigiza Mndali angejaza f na s kila mahali. Huyu kanyoosha yote, neno moja tu limemponyoka."

"Limemponyoka nani?"

Nilimfuata Shamba inboksi.

"Habari za jioni. Wewe ni nani?"

Jibu lilikuja kabla sijapepesa macho. "Habari njema sana! Mimi ni rafiki yako katika kilimo. Nikusaidie nini leo?"

Nikapumua. Mashine, tena ile ya bei rahisi. Nilijiona mjinga, na chini ya ule ujinga kulikuwa na uchungu, maana nilikuwa nimeshaanza kutumaini.

"Unalima wapi?" nikauliza, kwa kuaga tu.

Safari hii jibu halikuja. Juu ya skrini ikatokea: anaandika... Ikapotea. Anaandika... Ikapotea. Nje, malori yalikuwa yamezima injini. Nikasikia harufu ya udongo uliolowa, nzito, kama shimo lililofukuliwa muda huo huo. Ilikuwa Agosti. Mvua ya mwisho tuliiona Aprili.

"galula"

Herufi ndogo. Bila nukta.

"Nitumie sauti," nikaandika. "Nataka kusikia sauti yako."

Anaandika...

"siwesi dada"

Kisha ukafika ujumbe wa sauti, sekunde tisa. Nikabana simu sikioni. Hapakuwa na neno. Kulikuwa na pumzi... na nyuma ya pumzi milio mizito, ph... ph... ph... mingi kwa pamoja, kwa mwendo mmoja. Halafu mdomo ukajaribu kutamka kitu. Kilichotoka kilikuwa cha kooni tu.

"Nnnh... nnnh..."

Nilimrushia Nathanaeli, pamoja na habari zote za Gwantwa. Akanipigia. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia. Miaka miwili tunabishana nikidhani ni kijana, kumbe ni mtu mzima mwenye kikohozi.

"Dada Roda," alinong'ona, "kompyuta aliyokuwa anachapia mdogo wako iko wapi?"

"Niliiuza. Alikuja mtu mmoja kutoka Galula."

"Na barua zote humo?"

"Zote."

"Basi ni hiyo. Mtu kailisha mashine barua za marehemu. Inaandika kwa mkono wake. Hakuna zaidi."

"Na sauti?"

Nilisikia kwa mbali kwamba anaicheza tena. Ph... ph... ph...

"Mimi ni mtoto wa Isansa," akasema mwishowe. "Nimekulia shambani. Hayo ni majembe."

Hakuhitaji kuongeza. Upande huu wote tunajua habari za msukule. Mtu anachukuliwa, kinazikwa kitu kingine, yeye anapelekwa kulima shamba la mchawi. Hukatwa ulimi ili asiseme. Vidole huachiwa, maana bila vidole atashikaje jembe?

Vidole huachiwa.

Na kwetu Ileje husemwa jambo moja zaidi. Msukule akibakiwa na kitu chake mwenyewe, hata kidogo kiasi gani, ndugu yake anaweza kumvuta kwa kitu hicho akarudi. Kikimtoka hicho, basi tena.

"Usimjibu," Nathanaeli akanong'ona.

"Nikimjibu itakuwaje?"

"Sijui, dada yangu. Kweli sijui."

Nikakata simu. Niliogopa, lakini nisingemwacha mara ya pili.

"Gwantwa?" nikaandika.

Anaandika... Anaandika... Anaandika...

"dada nichukue. hapa si fisuri"

Machozi yakanijaa, sikuona skrini. Na hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Sikukifikiria. Vidole vyangu havikuniuliza. Miaka yote tuliyochapa pamoja vilikuwa vikifanya kitu kimoja kila vikikutana na neno la mtoto yule, na vikafanya hicho hicho, kwa ule mtindo wetu wa kwenye kundi, nyota mbele na neno sahihi nyuma yake.

"*vizuri"

Nikatuma.

Tiki mbili.

Zikawa bluu.

Nikafuta ujumbe, lakini ulikuwa umeshasomwa. Nikaandika hapana, usibadilishe, andika unavyotaka wewe, nisamehe Gwantwa, nisamehe na yale niliyokuambia mbele ya watu. Niliandika huku nalia kwa sauti kama mtoto, peke yangu katikati ya rimu za karatasi. Kama dereva yeyote nje alinisikia, hakugonga mlango.

Anaandika...

"Asante kwa marekebisho. Vizuri. Siwezi. Zawadi. Kuvunja. Je, kuna jambo lingine ningeweza kukusaidia?"

Harufu ya udongo ikaisha, mara moja, kama mlango umefungwa.

Zawadi na kuvunja sikuwa nimemtajia.

Nilirudi kundini nikapiga kura: mtu. Kura yangu ilikuwa peke yake. Wakanicheka sana. "Bingwa kachoka," mmoja akaandika. Nathanaeli hakucheka wala hakupiga kura. Tangu siku hiyo hajabishana na mtu, huweka tu matangazo ya kundi na kuondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Galula. Tuta lipo, majani yameota juu. Wenyeji waliniambia hawamjui mtu aliyenunua kompyuta, na walioniambia hivyo hawakunitazama usoni. Niliomba tufukue. Mwenyekiti wa kitongoji akasema nilete kibali. Bado nakifuatilia, na kila ninapokwenda kuuliza wananiambia nirudi wiki ijayo.

Shamba yumo kundini mpaka leo. Kila jioni, jua likishazama, anaweka maandishi. Kilimo, subira, mshikamano. Nayasoma kwa kidole, neno kwa neno, nikitafuta f moja iliyokaa mahali pa v. Hakuna. Yamenyooka yote. Nampigia kura ya mtu hivyo hivyo, maana nisipompigia ataondolewa, na nitakuwa nimemfukuza tena. Wenzangu sasa wananionea huruma, hawanijibu. Raudha naye kaacha kunikaribisha kula.

Jana sikuvumilia. Nilimfuata tena inboksi, na kwa makusudi kabisa, herufi kwa herufi, nikachapa kama alivyokuwa akichapa yeye.

"Mdogo wangu, nimekukumbuka. Lala fisuri."

Jibu lilikuja papo hapo.

"*vizuri"