Farasi Asiyetoka Jasho

Asubuhi ile ilianza kama nyingine zote: mimi jikoni nakaanga mayai ya wageni, mdogo wangu uani anatandika farasi. Shamba letu la ng'ombe hupokea watu wa mjini wanaokuja likizo kuchunga. Wanapanda farasi, wanaswaga ng'ombe kutwa nzima, wanarudi na mapaja yaliyochubuka huku wakichekelea. Wao wanalipa ili wachoke, sisi tunalipwa ili tuchoke, na jioni wote tunalala hoi. Mimi nimepika pale tangu magoti yangu hayajaanza kulia. Siwadanganyi, nimechoka.

Mdogo wangu shambani wanamwita Mluzi, kwa kuwa farasi huwaita kwa mluzi nao huja mbio. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, mama akiwa kazini, na mpaka leo nikimwona anakohoa napoteza hamu ya kula.

Siku hiyo alishuka mgeni mmoja, mama mtu mzima, mwembamba, mpole, mwenye mwendo wa kuhesabu. Tukampachika jina la Bi Taratibu. Akaniambia ana uchovu wa miaka, amekuja kuutua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamkaribisha, nikammiminia chai.

Shida ilianza uani. Kila farasi aliyeletewa alilaza masikio akarudi nyuma. Hata Babu, farasi mzee ambaye watoto humvuta mkia akiwa anasinzia, alitetemeka mpaka lijamu ikalia kinywani mwake. Hapo Mluzi akafanya wanachofanya watu wa kazi ile. Farasi akimwogopa mgeni, wewe anayekujua unasimama katikati. Mkono wako mmoja shingoni kwa farasi, mkono wa mgeni begani kwako. Farasi anamzoea mgeni kupitia kwako.

"Weka mkono hapa, mama," Mluzi akasema. "Usiogope, nipo."

Akauweka. Babu akatulia palepale. Nilikuwa naangalia kwa dirisha la jikoni, na niliona mgeni ameshapanda, ameshakaa sawa kwenye tandiko, lakini mkono bado uko begani kwa mdogo wangu.

Jioni farasi wote walirudi wakitoka povu, isipokuwa Babu. Babu alikuwa mkavu, anatafuna majani. Aliyelowa ni Mluzi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Jua," akaniambia.

"Jua gani, na mawingu yote haya?"

"Dada, niache nipumzike."

Lakini hakukaa. Alikula chakula chake amesimama.

Ikawa hivyo kila siku. Bi Taratibu alinawiri, mashavu yakajaa, akawa anawapita vijana kwa mbio kumrudisha ndama aliyetoroka kundini. Siku zake zilipokwisha akaomba kuongeza. Mdogo wangu naye alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Wenzake walimtania kwamba kapata mapenzi. "Punda afe, mzigo wa bwana ufike," akawajibu, akacheka bila sauti. Mimi sikucheka.

Kisha akaja fundi wa kwato. Akauinua mguu wa Babu, akautazama, akauinua mwingine.

"Huyu mmempumzisha?"

"Anapandwa kila siku," nikamwambia.

"Nani kakwambia? Hiki chuma cha kwato hakijagusa jiwe."

Nikageuka kumwita Mluzi aje aeleze. Alikuwa amesimama kando ya ukuta. Viatu vyake vilikuwa vimelika, nyayo zinagusa udongo. Kichwa kimeinama. Mguu mmoja ameulegeza, kisigino juu. Alikuwa amelala. Farasi hulala vile. Fundi alimwangalia, akaniangalia, akafunga vyombo vyake, akaondoka bila hata kuomba maji.

Nikamvuta mdogo wangu ndani, nikalifungua shati. Kwenye mbavu, chini ya kifua, kulikuwa na alama ya mkanda wa tandiko. Pana. Nyekundu. Imezunguka.

"Dada," akanong'ona. "Nikifumba macho nasikia visigino mbavuni."

Mchana ule wageni wengine walikuwa wamejilaza. Bi Taratibu alikuwa barazani peke yake. Nilijifuta mikono, nikamfuata.

"Mwachie mdogo wangu."

"Sikumkamata," akasema polepole. "Aliniambia niweke mkono."

"Basi utoe."

"Nikiutoa, niuweke wapi?"

Sikufikiri. Nilipiga magoti mbele yake, nikampa bega.

"Hapa."

Akauweka. Mwepesi. Wa baridi. Ukapapasa bega, ukapanda shingoni, ukashuka uti wa mgongo, ukabonyeza kiunoni. Nilikuwa nakaguliwa. Kisha akauondoa. Akacheka kidogo, kwa huruma kabisa.

"Wewe, mama, mbona ulishakwisha?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nililia palepale sakafuni, kwa hasira na kwa uchovu, na yeye akanipa kitambaa chake nijifute.

Kesho yake akaaga. Alisema amepumzika vya kutosha. Akabeba begi lake mwenyewe, akashuka ngazi mbilimbili mpaka kwenye gari. Mluzi aliingia chumbani, akajitupa kwenye mkeka, akalala amejinyoosha, ubavu chini, mdomo wazi. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza anakoroma, nikashukuru.

Miezi ikapita. Mdogo wangu akanenepa, mluzi wake ukarudi, nami nikaanza kulala bila kuamka kumchungulia. Ilikuwa asubuhi ya kawaida alipoingia jikoni na kuvua shati.

"Dada, kuna mahali pananiwasha, mkono haufiki. Hebu niangalie."

Akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo. Katikati ya mabega, huku na huku ya uti, vinyweleo vyake vilikuwa vimeota vyeupe pepepe. Kila mtu shambani anajua: tandiko likimchubua farasi, kidonda kikipona, nywele hurudi nyeupe. Hayo ya zamani, nikajiambia. Yamepita.

Lakini katikati ya weupe ule ngozi ilikuwa imechunika. Mbichi. Inatoa maji. Na kwenye ule ubichi kulikuwa kumenasa uzi wa sufu, mwekundu, wa blanketi la kuwekea tandiko. Mablanketi yetu yote ni ya kijivu.

"Kuna nini?"

"Vipele vya joto tu," nikasema.

Nikauchomoa ule uzi taratibu asisikie, nikautupa jikoni motoni. Nikashusha rafuni kopo la dawa ya farasi, nikaanza kumpaka.

"Jana ulilala vizuri?" nikamuuliza.

"Kama gogo, dada. Ila sijui kwa nini miguu inaniuma."